Somo: Mwanafunzi wa Kompyuta Anapokuja Kikundini



Leo tunaleta jambo ambalo wengine watashangaa kuliona katika kurasa hizi, yaani kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa kompyuta katika chuo kikuu. Mtauliza, hiyo yatuhusu nini sisi watu wa jembe? Yatuhusu mara mbili. Kwanza, karo ya watoto hawa mara nyingi imetoka katika harambee zetu na mikopo ya vikundi vyetu. Pili, siku hizi wanarudi nyumbani wakiwa na barua kutoka chuoni, wanasema, "Tunaomba kutumia kikundi chenu kwa project." Kikundi kinaitikia ndiyo, na makofi yanapigwa, bila kujua kimekubali kitu gani.

Mradi huu si wa kuku wala wa nyuki. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa muda, mara nyingi mihula miwili, atafute tatizo la kweli, alieleze kwa maandishi, atunge programu ya kulitatua, aijaribu, aandike ripoti, halafu asimame mbele ya walimu wake na kuitetea kazi hiyo. Anapewa mwalimu mmoja wa kumsimamia. Akianguka, anarudia, na mahafali yanampita.

Tuanze na habari ya kusikitisha kidogo. Kijana mmoja tunayemjua alimpigia baba yake simu akisema anahitaji pesa za "vifaa vya project." Baba alikopa kikundini. Pesa zile hazikununua vifaa. Zilienda kwa mtu mjini anayeuza miradi iliyokwisha tengenezwa, kama vile mtu auzavyo viatu vya mitumba. Siku ya kutetea, kijana akafungua programu yake ya hesabu za chama cha akiba mbele ya walimu, na pale juu ya kila ukurasa palikuwa pameandikwa naira. Naira ni pesa za Nigeria. Mwalimu akamwomba abadilishe iwe shilingi, pale pale, kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeitunga mwenyewe. Hakujua aanzie wapi. Alirudia mwaka, na baba yake aliendelea kulipa riba ya mkopo ule hata baada ya wenzake kijana kuvaa majoho.

Kwa hiyo wazazi, mkisikia ya vifaa, ulizeni ni kifaa gani. Mara nyingi mwanafunzi wa programu hahitaji kununua kitu kikubwa zaidi ya laptopu aliyo nayo, bando za intaneti na nauli. Zana nyingi za kutungia programu hupatikana bure.

Sasa tuje kwa yule aliyefanya vizuri, maana kwake ndiko kuna somo. Ni binti wa mwanachama wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Machakos. Kikundi kina wanachama 24 na hukutana kila Alhamisi. Binti alikuja mara ya kwanza na mchoro mkubwa ajabu. Programu yake ingeweka akiba, ingetoa mikopo, ingetangaza bei za soko, ingetabiri mvua na kuuza mayai, yote ndani ya simu. Akina mama walisikiliza kwa heshima. Halafu mweka hazina, mama mwenye umri, akatoa simu yake ya mulika mwizi kwenye kitambaa alichoifungia, akauliza, "Mwanangu, hiyo mvua nitaionea wapi hapa?"

Walihesabu. Wenye simu za kisasa walikuwa watatu tu.

Wengine wangekasirika. Huyu alifanya jambo la maana kuliko yote katika mradi wake: aliukunja ule mchoro, akaomba ruhusa ya kukaa nyuma na kutazama. Alhamisi tatu alikaa na kalamu, hasemi kitu. Aliona kwamba faini za kuchelewa huandikwa ndani ya jalada la daftari, si kwenye ukurasa. Aliona mkopo ukiongezwa mwezi mmoja kwa mdomo tu, bila kuandikwa. Aliona kwamba mkutano wa saa mbili ulitumia saa nzima kubishania madeni. Basi akasema, tatizo ni hili. Mvua na mayai akaviacha. Akaandika katika pendekezo lake sentensi moja ambayo kila mama aliielewa: programu itamwonyesha kila mkopaji deni lake ni kiasi gani leo, na lilifikaje hapo.

Kazi ya mwaka wa mwisho huanguka kwa ukubwa kuliko kwa ugumu. Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, mwaka 1991, alianza programu aliyowaambia watu kuwa ni ya kujifurahisha tu. Ile ya kwanza ilikuwa na mistari kama elfu kumi, na mapungufu mengi. Aliitoa hivyo hivyo watu waitazame. Leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android, hata zile tatu za kikundi chetu. Angengoja mpaka ikamilike, pengine angekuwa anangoja hata sasa.

Turudi Machakos, kwenye deni. Hapa ndipo sisi wenyewe tulijifunza. Binti aliuliza swali lililoonekana dogo: "Mtu akilipa shilingi elfu moja, inaenda wapi kwanza, kwa riba au kwa mkopo wenyewe?" Akina mama wakacheka, kulipa ni kulipa. Akachukua chaki.

Tuseme mama amekopa shilingi 3,000, riba ni asilimia 10 kwa mwezi, naye analipa 1,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 300. Njia ya kwanza ni kuongeza riba juu ya deni kisha kutoa malipo: 3,300 toa 1,000, zinabaki 2,300. Mwezi wa pili riba inatozwa juu ya 2,300, yaani 230. Deni linakuwa 2,530, toa 1,000, zinabaki 1,530. Mwezi wa tatu riba ni 153, na baada ya kulipa zinabaki 683.

Njia ya pili ni kupunguza mkopo kwanza na kuweka riba kando. Mwezi wa kwanza mkopo unashuka hadi 2,000, riba ya kando 300. Mwezi wa pili riba ni 200 tu, mkopo unabaki 1,000. Mwezi wa tatu riba ni 100, mkopo unaisha. Kando pamebaki 600.

Mwaona? Mama yule yule, pesa zile zile, na tofauti ni shilingi 83. Mweka hazina alikuwa akitumia njia ya kwanza. Katibu, siku mweka hazina akiwa mgonjwa, alitumia ya pili. Wala hakuna mwizi hapo! Lakini mama mmoja alikuwa karibu kutoka kikundini akiamini anaibiwa, na wawili walikuwa hawasalimiani. Kompyuta haikuwapatanisha. Kompyuta haiwezi kutunga kanuni, inataka iambiwe. Ilibidi mkutano mzima ukae, ukubaliane njia moja (walichagua ya pili), uiandike katika katiba ya kikundi na kutia sahihi. Hata binti yule asingerudi tena, kikundi kingekuwa kimefaidika. Twaomba kila kikundi kinachosoma somo hili kifanye hesabu hii kwa daftari lake.

Kuhusu kupanga wakati. Wanafunzi wengi hudhani kazi ni kuandika programu, na mengine ni kusindikiza tu. Frederick Brooks, aliyeongoza utungaji wa programu kubwa ya kuendeshea kompyuta za IBM miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1975 na kupendekeza mgawo huu: theluthi moja ya muda kwa kupanga, sehemu moja ya sita kwa kuandika, na nusu nzima kwa kujaribu. Mwanafunzi akiwa na wiki 24, hiyo ni wiki 8 za kupanga, 4 za kuandika, na 12 za kujaribu na kurekebisha. Wengi wetu tungefanya kinyume. Binti alianza na tarehe ya kutetea, akahesabu kurudi nyuma mpaka siku ile aliyokuwa amesimama, kama mkulima anayehesabu kutoka mvua za Novemba kurudi siku ya kulima. Akaona amebaki na siku chache kuliko alivyofikiri. Akabandika karatasi ile mlangoni.

Ripoti hakuiacha mwisho. Kila Alhamisi jioni aliandika ukurasa mmoja: nimeona nini, tumeamua nini, kwa nini. Walimu wakija kumwuliza kwa nini alichagua ujumbe mfupi wa simu badala ya programu ya simu za kisasa, jibu alikuwa nalo, na tarehe yake.

Huo ujumbe mfupi nao ulileta hesabu yake. Wanachama 24 mara Alhamisi nne ni ujumbe 96 kwa mwezi, na kila mmoja unalipiwa. Nani atalipa? Mwenyekiti aliuliza hivyo, na lilikuwa swali zuri kuliko maswali ya walimu. Wakaamua ujumbe uende kwa mwenye mkopo tu. Mwanzoni binti alitaka pia malipo ya M-Pesa yajiandike yenyewe. Safaricom ina mahali pa majaribio kwa watunzi wa programu, paitwapo Daraja, pesa za huko si za kweli. Lakini kuingia kwenye pesa za kweli kwahitaji kikundi kiwe na namba yake ya biashara na idhini, na muda haukutosha. Aliliandika katika ripoti kama kazi ya baadaye. Hakuna aibu hapo.

Kisha majaribio. Programu ilikaa kwenye simu ya katibu. Binti alimpa mweka hazina ajaribu, naye akakaa kando mikono nyuma. Hii ni ngumu kwa vijana, mkono unawasha kwenda kumwonyesha mama. Mama akaandika 2,000 pamoja na alama ya mkato, programu ikakataa. Akabonyeza "hifadhi", simu ikakawia, akabonyeza tena. Malipo yakaingia mara mbili! Kama ingekuwa hesabu ya kweli, kikundi kingekosana upya. Binti alisema alipokuwa chumbani chuoni alikuwa amejaribu mara mia na haikuwahi kumkosea, maana yeye alijua pa kubonyeza. Wiki tano zilikwenda kwa makosa ya namna hiyo, na wakati wote daftari liliendelea kuandikwa sambamba na simu. Msikubali kutupa daftari kwa sababu ya programu ya mwanafunzi. Miezi miwili zote mbili ziende pamoja, zikikubaliana ndipo mwaamua.

Mambo mawili kwa ufupi. Nakala za kazi: stima hupotea, laptopu huibiwa katika matatu, flashi huingia maji. Kazi iwe mahali patatu, na pamoja pasiwe nyumba ile ile. Watunzi wengi hutumia Git, ambayo Torvalds huyo huyo aliitunga mwaka 2005. Huhifadhi kila hatua, hata ukiharibu leo warudi kwenye ya jana.

La pili ni siri za wanachama. Msimpe mwanafunzi daftari lenu aende nalo. Apige picha kurasa mtakazokubali, majina yakiwa yamefunikwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, na zisizidi zinazohitajika. Namba ya kitambulisho haihitajiki ili kujua riba. Kwa majaribio binti alitumia majina ya maua, Mama Waridi, Mama Yasmini, na akina mama waligombania nani awe nani.

Siku ya kutetea walimu walimwomba abadilishe riba iwe asilimia 5. Alifanya wakiwa wanatazama. Baadaye alirudi Alhamisi moja akiwa na kijitabu cha kurasa sita kwa Kiswahili, jinsi ya kutumia programu na la kufanya ikigoma, akamfundisha mjukuu wa katibu aliye kidato cha tatu. Sasa ameajiriwa mjini, huja kwa msimu. Mwezi uliopita programu iligoma baada ya katibu kubadilisha simu. Daftari lilikuwepo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu:

Mwanachama akilipa sehemu ya deni, kikundi chenu huanza na riba au na mkopo? Imeandikwa wapi?

Mwanafunzi akija kesho na barua, ni nani atakaa naye, siku gani, na ni kurasa zipi za daftari hatazionyeshwa?

Akimaliza masomo na kwenda mbali, nani kati yenu atajua la kufanya siku programu itakapogoma?