Elimu ya Daktari wa Meno

Hapana mwenye jahazi wa Kilwa Kivinje atakayemkabidhi usukani mtu asiyejua miamba na mikondo ya maji. Walakini wako watu ambao, jino likiwauma usiku, asubuhi humfungulia kinywa mtu yeyote mwenye koleo. Basi yafaa tujue daktari wa meno ni nani, na amejifunza nini.

Wengi hudhani kuwa kazi yake ni kung'oa tu. Sivyo. Mtu mzima ana meno 32, na karibu na mizizi ya magego ya chini hupita mshipa wa fahamu. Ukiumizwa, mdomo waweza kufa ganzi siku zote. Usaha wa jino bovu waweza kushuka chini ya ulimi hata shingoni, ukaziba njia ya pumzi, na mtu akafa. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi upesi hana budi kujulikana kabla ya kung'olewa, si baada yake. Tena koleo lisilosafishwa vema huweza kuchukua maradhi ya ini na UKIMWI kutoka kwa mtu hata kwa mwenziwe.

Kwa sababu hizo elimu yake ni ndefu. Chuo cha kwanza duniani cha kufundisha kazi hii peke yake kilianzishwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840. Kwetu Tanzania masomo ya shahada yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Mwanafunzi hupanda ngazi hizi:

1. Humaliza Kidato cha Sita, naye amefaulu fizikia, kemia na biolojia.

2. Husoma chuo kikuu miaka 5. Kwanza hujifunza mwili mzima, kisha kinywa. Halafu hutibu wagonjwa mbele ya walimu wake: kuziba matundu, kutibu mizizi, kuweka meno ya bandia, na kung'oa.

3. Hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi wa wakubwa.

4. Huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017.

Yuko pia tabibu wa meno, mwenye stashahada ya miaka 3, kama ile ifundishwayo Mbeya. Yeye huziba na kung'oa, na lililo zito humpelekea daktari. Tusimdharau, maana wilayani wengi hutibiwa naye.

Wa kuogopwa ni yule asiyesoma kabisa. Katika sehemu kadha za Tanzania watoto wachanga wenye homa na kuharisha wamepasuliwa ufizi ili watolewe yaitwayo "meno ya nailoni". Kumbe kitolewacho ni jino la kweli lililo changa bado! Ugonjwa hauponi, na mtoto huweza kufa kwa kutokwa na damu.

Basi, ndugu msomaji, jino likikuuma nenda hospitali ya wilaya, nayo iko papo hapo Kivinje. Mtu akikuambia kuwa yeye ni mjuzi wa meno, mwulize alisoma wapi, na kama ameandikishwa. Nawe mzazi mwenye mtoto, wa kiume au wa kike, apendaye masomo ya sayansi, usimtoe shuleni. Huenda siku moja akatutibu sisi. Kuuliza si ujinga.