MOSHI NI KUNI ISIYOUNGUA



Somo letu la leo ni juu ya moto wa nyumbani. Kule Masisi milimani kuna baridi, na watu huwasha moto ili wapike na waote. Kule Walikale mvua ya msituni ni nyingi, kuni hazikauki upesi. Pande zote mbili malalamiko ni yale yale: moshi umejaa nyumba, maharagi hayaivi, macho yanawasha, mtoto anakohoa. Wengi husema, «Moto ndivyo ulivyo.» Sivyo. Moto unaotoa moshi mwingi ni mgonjwa, na kila ugonjwa una sababu yake.

KUNI HUUNGUA NAMNA GANI?

Kwanza, joto hutoa maji yaliyomo ndani ya kuni. Pili, kuni hutoa gesi. Gesi hiyo ikikuta joto kali na hewa ya kutosha, inawaka. Ndizo ndimi za moto tunazoziona. Ikikosa joto au hewa, inatoka bila kuungua: huo ndio moshi. Mwisho hubaki makala. Basi moshi ni kuni uliyoibeba au kuinunua, ambayo haikupika kitu.

Jaribu jambo hili. Zima mshumaa, kisha peleka upesi njiti ya kiberiti inayowaka katika ule moshi unaopanda. Utaona moto unarukia utambi tena. Moshi wenyewe umewaka.

Katika nchi za baridi za Ulaya, watu wengine wana matanuru ya kupasha nyumba joto yanayochoma gesi ya kuni katika chumba cha pili, peke yake. Hata matanuru hayo ya bei kubwa yakilishwa kuni mbichi, au njia ya hewa ikiziba, hutoa moshi kama mafiga yetu matatu.

TAFUTA SABABU KWA DALILI

1. Moshi mweupe mzito, na kuni inalia na kutoa povu kwenye ncha. Kuni ina maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na moto hutumika kuyachemsha kwanza kabla ya sufuria yako. Pasua kuni mapema. Zipange juu ya mawe, chini ya bati, pande zikiwa wazi ili upepo upite. Ziache miezi, si siku. Gonga vipande viwili: kuni kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hulia kama udongo. Usizikaushe juu ya moto usiku, maana nyumba huweza kuungua.

2. Moshi mweusi, masizi mengi chini ya sufuria. Hewa haitoshi. Umeshindilia kuni nyingi, au majivu yameziba chini. Ondoa majivu kila asubuhi. Tumia vipande vyembamba, vichache, uvisukume ndani kidogo kidogo. Ukiweka vyuma vya kuinua kuni kutoka chini, hewa itapita chini yake.

3. Moto unawaka vizuri, lakini sufuria haichemki. Joto linakimbia pembeni. Jenga ukuta wa udongo kuzunguka moto, uache nafasi ya karibu unene wa kidole kati ya ukuta na sufuria. Funika sufuria. Lowesha maharagi tangu jioni, yataiva kwa kuni chache.

4. Kuni ni kavu, moto ni mzuri, lakini moshi haudoki nje. Moshi hauna njia. Fungua tundu juu ya ukuta, au safisha bomba la moshi, maana masizi huliziba. Afadhali zaidi, pika nje chini ya kibanda.

MAKALA HAYANA MOSHI, LAKINI YANAUA

Hapa ndugu wengi hudanganyika. Wanasema, «Mbabula ya makala haina moshi, tuiingize tulale na joto.» Katika makala yanayowaka hutoka gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ule mwali mdogo wa buluu juu ya makala ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukizimika na makala yakabaki mekundu tu, gesi huendelea kutoka bila kuungua. Ndani ya damu inachukua mahali pa hewa safi, na mtu hufa usingizini.

Watu wa Sake wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni. Mazuku ni nzito, hulala chini. Gesi ya mbabula haifanyi hivyo, hujaa chumba chote. Kulala juu kitandani hakukuponyi.

Jiko la udongo ndani na bati nje, lililoanzishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makala. Ni jiko jema, lakini nalo hutoa gesi hiyo. Nalo lilale nje.

Mfanyakazi wa mgodi anajua kwamba hakuna anayewasha moto ndani ya galeri isiyo na hewa. Basi kwa nini tuuwashe chumbani, mlango umefungwa, na watoto wamelala?

DALILI NA MSAADA

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Watu hudhani ni malaria. Lakini mara nyingi hapa hakuna homa, na watu wa nyumba moja huugua pamoja, kisha hupata nafuu wakitoka nje.

Fungua mlango, toa watu wote nje, toa na mbabula. Anayepumua lakini hajitambui, mlaze kwa ubavu. Asiyepumua, mwenye kujua kumsaidia apumue aanze mara moja. Usimpe maziwa, hayaondoi gesi hii katika damu. Mpeleke kituo cha afya hata kama amezinduka, maana anahitaji oksijeni. Mama mja mzito asichelewe hata kidogo, kwa sababu mtoto tumboni huumia zaidi.

Na moshi wa kila siku nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani (OMS) limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Kupasua kuni mapema, kuezeka kibanda cha kuni na kufungua tundu la moshi ni kazi ya siku moja ya mapumziko. Na jioni hii, kabla ya kufunga mlango, uliza: mbabula iko wapi? Kama iko ndani, itoe.