Zoezi la Kihispania kwa Wanachuo

Mtoto wa Darasa la Kwanza aliyelelewa kwa Kisukuma hapa Misungwi huweza kukaa kimya majuma kadhaa, naye mwalimu asiye na subira akamhesabu kuwa mzito. Ili mwanachuo auonje ukimya huo, na afundishwe kwa nusu saa lugha asiyoijua kabisa. Tuchukue Kihispania.

Mkufunzi ashike kitabu, asome, aseme: *Leo un libro*. Darasa litadhani anataja siku! La, amesema "ninasoma kitabu". Ampe mwanachuo mmoja kitabu hicho, amwambie: *Lees un libro*. Awageukie wengine, amwonyeshe yule msomaji: *Lee un libro*. Mwisho wasome wote: *Leemos un libro*. Asitafsiri upesi, wabahatishe kwanza.

Watagundua kwamba nafsi, ambayo Kiswahili huitanguliza katika kitenzi, Kihispania huiweka mwishoni. Sikio lililozoea kusikiliza mwanzo wa neno hupotea, wala si kwa ujinga. Hapo kitabu kiwekwe, lichukuliwe gazeti: *Leo un periódico*. Kitenzi hakikuguswa, limebadilika jina tu.

Mtoto wetu ana nafuu kuliko mwanachuo huyo, kwani Kisukuma nacho hutanguliza nafsi. Basi asikaririshwe "kusoma, kula, kulima" kama orodha. Aone jembe, asikie "ninalima", kisha "unalima", kisha "tunalima", huku akitenda. Akichanganya "l" na "r", asikatizwe. Amalize kwanza sentensi yake.