Hashiya Ndani ya Kompyuta: Je, Word Inatufaa?



Ndugu msomaji, tunaosoma fiqhi ya Kishafi tunaijua Matn ya Abu Shujaa, kisha Fat-hul Qarib, sharhi yake iliyotungwa na Ibn Qasim al-Ghazzi, kisha hashiya ya Sheikh Ibrahim al-Bajuri (aliyefariki 1860) juu ya sharhi hiyo. Ni watunzi watatu katika chapa moja, na wachapaji walitumia mabano na pambizo ili tujue nani anasema.

Siku hizi kitabu kinatujia kama faili. Kikundi chetu kimesoma mlango wa twahara ndani ya Microsoft Word, nami nikaipima kwa swali moja: je, inatenga maneno ya mtunzi na maneno yetu?

Mtindo uliozoeleka, yaani kuandika maelezo katikati ya matini kwa rangi nyekundu, siupendi hata kidogo. Ukinakili kwenda WhatsApp, rangi inapotea na maelezo yako yanabaki kana kwamba ni ya mtunzi. Wanahadithi wanaliita jambo hili idraji. Katika mapokezi ya Abu Hurayra kuhusu visigino, amri ya kutimiza udhu ni maneno yake mwenyewe, lakini baadhi ya wapokezi waliyaunganisha na maneno ya Mtume (s.a.w.). (Amri hiyo imethibiti kwa Mtume kwa njia nyingine, hapa tunazungumzia mapokezi haya tu.) Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu kizima cha kupambanua hadithi za namna hiyo. Ikiwa yaliwapata wapokezi, itakuwaje kwetu sisi wa kunakili na kubandika?

Sehemu ya maoni ndiyo inayofaa. Teua neno, bonyeza Ctrl, Alt na M kwa pamoja, uandike. Maoni yanakaa pembeni yakiwa na jina la mwandishi na tarehe. Dada mmoja aliuliza kuhusu maji mustaamal, mwenzake akajibu, Ustadhi akasahihisha chini yao, na mjadala wote upo hadi leo. Pambizo ya karatasi isingeutosha. Ila weka jina lako kwanza, kwani kompyuta ya kuazima huandika jina la mwenyewe. Tanbihi za chini ya ukurasa hazibebi jina la mtu, kwa hiyo msomaji atadhani ni za mtunzi.

Kwa Kiarabu, geuza kwanza mwelekeo wa aya uwe kutoka kulia, la sivyo nukta na mabano huhamia upande usio wake. Kitabu kilichopigwa picha tu hakifai kabisa.

Nikiwa likizo nyumbani Kasenyi nasoma kwa simu, na kwenye kioo kidogo maoni hujificha. Nilipochapisha Bwera, ukurasa ulipunguzwa ili maoni yapate nafasi, harakati zikawa hazisomeki. Sasa nachapisha matini peke yake, kisha orodha ya maoni kwenye karatasi nyingine. Chaguo hilo limo palepale penye mipangilio ya kuchapisha.