Mbwa Katika Njia za Matembezi: Somo kwa Familia Zinazoishi Jimbo la New York

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili, ziwe zinafuga mbwa au hazifugi. Lisomwe nyumbani na wazazi pamoja na watoto kabla ya kwenda matembezini.

Utangulizi

Majira ya joto yanapofika, familia nyingi huenda kutembea katika hifadhi za jimbo, kama vile Letchworth na Green Lakes, au katika milima ya Adirondack. Humo mtakutana na watu wengi wanaotembea na mbwa wao. Huenda ulikulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa boma, afunguliwaye usiku, wala si mwenzi wa matembezi. Baadhi ya wasomaji humwogopa mbwa. Wengine huepuka mate yake kwa ajili ya twahara. Na wengine wameanza kufuga. Kanuni zilizopo zinawalinda wote. Mambo makuu ni matatu: kamba, chanjo, na jina la mwenye mbwa.

1. Kamba

Katika hifadhi za jimbo, mbwa sharti afungwe kamba isiyozidi futi 6 (karibu mita 1.8), au awe ndani ya kizimba. Kanuni hii haitofautishi mbwa mpole na mbwa mkali. Mbwa mpole naye humkimbilia kulungu, huweza kuporomoka katika magenge ya Letchworth, na huweza kukutana na mnyama wa mwituni aliye mgonjwa. Katika eneo la vilele virefu vya Adirondack pia, mbwa sharti afungwe kamba kwenye njia zilizowekwa alama.

Mbwa haruhusiwi katika viwanja vya michezo ya watoto, mabwawa ya kuogelea, fukwe zenye walinzi wa waogeleaji, wala ndani ya majengo ya hifadhi. Mbwa wa huduma, yule aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, ana ruhusa pana zaidi. Kila hifadhi huweza kuwa na masharti yake. Soma kibao kilicho langoni kabla ya kuanza safari.

Kama unatembea na mbwa, mvute karibu nawe na usimame kando ya njia wengine wapite. Usimwache amkaribie mtu ambaye hajakubali. Kama hutaki mbwa akukaribie, inua mkono na umwombe mwenyewe amshike. Ombi hilo ni la kawaida na si utovu wa adabu.

Wafundisheni watoto mambo haya kuhusu mbwa aliyefunguliwa:

- Asikimbie wala asipige kelele, kwa maana mbwa hufukuza kinachokimbia.
- Asimame wima kama mti, mikono ikiwa mbavuni, macho yakitazama chini.
- Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.
- Asimguse kamwe mbwa asiyemjua bila idhini ya mwenye mbwa na ya mzazi.

2. Chanjo

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaojulikana sana Afrika Mashariki na Kongo, ambako watu huupata hasa kwa kuumwa na mbwa. Nchini Marekani hali ni tofauti. Aina ya kirusi iliyokuwa ikienezwa na mbwa wenyewe ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2007, lakini ugonjwa ungali upo kwa wanyama wa mwituni. Katika Jimbo la New York hupatikana kwa popo, mbweha, vicheche, na rakuni, yule mnyama mwenye pete mkiani na baka jeusi machoni. Mbwa anayezurura porini bila kamba huweza kuupata kwao na kuuleta nyumbani.

Kwa hiyo sheria ya jimbo inaagiza mbwa apate chanjo ya kwanza ya kichaa kabla ya kutimiza miezi 4, kisha arudiwe kwa wakati wake. Kaunti zilizo nje ya Jiji la New York huandaa siku za chanjo bila ada. Uliza Idara ya Afya ya kaunti yako. Cheti cha chanjo hiki huhitajika pia kupata leseni ya mbwa katika ofisi ya karani wa mji. Uwe nacho uendapo hifadhini, kwa kuwa mlinzi anaweza kukiomba.

Mbwa wako akipigana na mnyama wa mwituni, usimshike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, kisha mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mbwa mwenye chanjo huongezewa dozi moja. Mbwa asiye na chanjo huenda akatengwa kwa miezi kadhaa, au hata akauawa.

3. Jina la mwenye mbwa

Fikirini tukio hili. Jumamosi moja familia inatembea msituni. Mbwa aliyefunguliwa anatokea kwenye kona. Mtoto wa miaka 7 anakimbia, na mbwa anamuuma ndama ya mguu. Mwenye mbwa anakuja mbio, anaomba radhi sana. Baba, kwa ungwana, anajibu, “Si kitu, yamekwisha,” na kila mmoja anashika njia yake. Jioni mama anauliza, “Mbwa yule alikuwa na chanjo?” Hakuna ajuaye, wala hakuna ajuaye mbwa ni wa nani.

Kusamehe ni jambo jema, lakini kusamehe hakuzuii kuuliza jina. Mbwa aliyeuma akijulikana, Idara ya Afya humwangalia kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, ni hakika kwamba hakuwa na kirusi mateni alipouma, na mtoto hahitaji chanjo ya kichaa. Asipopatikana, huenda mtoto akalazimika kuchomwa sindano ambazo zingeweza kuepukwa.

Kwa hiyo, mtu akiumwa, fuateni hatua hizi:

1. Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Msipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba.
2. Chukueni jina, simu na anwani ya mwenye mbwa, na mpige picha ya mbwa kama inawezekana bila hatari.
3. Nendeni kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Damu ikitoka kwa wingi, pigeni 911.
4. Toeni taarifa kwa Idara ya Afya ya kaunti.

Daktari akiona tiba ya kinga inahitajika, mtu ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa dawa ya kingamwili mwanzoni, hasa kuzunguka jeraha, pamoja na chanjo siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, 7 na 14. Chanjo hizi hudungwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, wala si tumboni kama ilivyokuwa zamani. Msingoje dalili: zikishaanza, ugonjwa huu karibu daima huua. Hospitalini mnaweza kuomba mkalimani bila malipo. Mtoto asilazimishwe kutafsiri.

4. Mambo mengine ya kukumbuka

*Kupe.* Kupe mwenye miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme kwa watu na kwa mbwa. Akiwa mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Mrudipo, kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na katika nywele. Kwa mbwa, kagueni masikio na vidole. Mng’oeni kwa kibanio, mkimshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Msimchome kwa moto. Duara jekundu au homa ikitokea ndani ya siku 30, mwoneni daktari.

*Kinyesi.* Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo yanayodhuru watoto. Kiokote kwa mfuko na ukitupe pipani; usiache mfuko njiani.

*Maji.* Ziwa likiwa na utando wa kijani mfano wa rangi iliyomwagika, mbwa asinywe wala asiogelee, na watoto wasiingie. Sumu yake huweza kumuua mbwa kwa muda mfupi.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Kamba ya mbwa hifadhini isizidi futi ngapi?
- Mtoto afanye nini akifuatwa na mbwa aliyefunguliwa?
- Katika tukio la familia ile, baba angesema nini ili asamehe na wakati huohuo amlinde mwanawe?
- Cheti cha chanjo cha mbwa wetu kiko wapi, na kinakwisha lini?