Mzee akipotewa na akili, uwakala wake nao umekufa

Ndugu msomaji, wengi wetu tulioshuka kutoka milima ya Upare tunatafuta riziki Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Wazazi tumewaacha huko juu, Mbaga, Vudee, Gonja na Suji. Mzee akichoka, mtoto mmoja huandikiwa hati ya uwakala. Kwa hati hiyo anachukua fedha benki, anakodisha shamba, hata kuuza. Miaka inapita, mzee anasahau majina ya wanawe, mwisho hajui tena kuwa shamba ni lake. Hati bado inatumika. Je, ina nguvu?

Kwanza tutofautishe uzee na kupotewa na akili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimnyimi mtu haki kwa wingi wa miaka. Inauliza tu: wakati wa kuweka mkataba, alielewa anachokifanya na kuweza kupima athari zake? Kama alielewa, mkataba ni halali hata awe na miaka 90. Hata ambaye akili humjia na kumtoka anaweza kuweka mkataba pale akili inapokuwa timamu. Asipoelewa, mkataba ni batili. Basi kumpora mzee mwenye akili zake uamuzi wa mali yake, eti kazeeka, ni dhulma.

Pili, sheria hiyo hiyo inasema uwakala hukoma aliyeutoa anapokufa au anapopotewa na akili. Mafaqihi wengi nao wamesema hivyo. Sababu iko wazi: wakala husema kwa ulimi wa mwenziwe. Mwenyewe asipoweza tena kuagiza wala kukataza, wewe unasema kwa niaba ya nani?

Tatu, njia ipo. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imemtaja asiyeweza kuandikisha deni lake, ikamtaka msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaipa mahakama uwezo wa kuteua msimamizi wa mali za mgonjwa wa aina hii. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza mtu, lakini mamlaka hutoka mahakamani. Naye msimamizi si mrithi. Mzee yu hai, na mali ile ni ya matibabu, chakula na matunzo yake kwanza.

Nawaomba pia viongozi wa vijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, hatimiliki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kabla ya kugonga muhuri, pandeni mkamwone mzee mwenyewe. Nawe unayeuziwa shamba Same kwa hati ya uwakala, usiulize bei tu. Uliza: mwenye shamba yuko wapi, na je, anajua kuwa linauzwa?

Wallahu a'lam.