Maktaba ya Mji Mdogo ni ya Nani?

Wanachuo wenzangu, mimi ni mtoto wa Nyalikungu, Maswa. Likizo iliyopita mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, mtu akishamaliza shule, maktaba ya nini tena?" Nikakwama. Hata mimi maktaba nilikuwa naenda na daftari langu kujiandaa na mtihani, basi.

Jibu liko kwenye historia. Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1968 ukaanza mradi wa kisomo cha watu wazima Kanda ya Ziwa, ukisaidiwa na UNESCO. Wakulima wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Lakini aliyejua kusoma leo, asipopata cha kusoma, kesho anasahau. Ndiyo maana zikaja maktaba za vijijini.

Kumbe maktaba ilimlenga hasa aliyekwisha kutoka darasani! Sisi tumeigeuza chumba cha mtihani, mkulima anapita mlangoni akidhani si pake.

Likizo ijayo naenda na mama. Wewe utaenda na nani?